Mlango wa Buluu

Mwanga huingia kwa dirisha moja tu katika chumba kile cha nyuma, na kila asubuhi humkuta fundi ameketi: vipande vya nguo, ushanga, sindano. Mwanga na uzi, uzi na mwanga. Hapo hushona picha zake ndogo, kila moja saizi ya kiganja, kwa mkono, bila haraka.

Kule mbele, kwenye makochi, kuna wifi yake. Huyo hajawahi kushona hata kifungo. Kifungo kikimkatikia, hununua blauzi nyingine. Lakini mgeni akiuliza picha zile ukutani ni kazi ya nani, wifi hushusha macho, akajitia haya, akasema ni vijimambo vyake tu vya kupotezea muda. Fundi husikia. Mumewe alishamwambia aachane naye, nyumba ni ya dada yake. Basi yeye hunyamaza.

Hunyamaza, na kumdharau. Humdharau kwa subira, tundu kwa tundu. Huyadharau makucha yale marefu yasiyoweza kuokota ushanga sakafuni. Na wageni pia huwadharau, watu wa kusifia rangi wasigeuze picha kuona mishono.

Picha moja tu hakuitoa chumbani. Ni mlango wa nyumba alimozaliwa, aliokata kwenye gauni la buluu la marehemu mama yake, kipande cha mwisho kilichobaki. Ulikosa kitasa tu, ushanga mmoja mweupe.

Siku hiyo wifi aliingia bila hodi, akaibeba, akaenda kumzawadia mke wa bosi wake, aliyekuwa mgeni sebuleni. Fundi akamfuata hadi huko. Ewe mlango wa mama, leo unagawiwa kama kalenda ya bure!

Mgeni akafurahi, akaomba kitasa kitiwe hapo hapo, aione mikono ya wifi ikifanya kazi. Wifi angekataaje? Akaketi, akailaza picha juu ya paja, juu ya gauni lake jipya la hariri. Akachoma sindano wima, akavuta. Akachoma, akavuta. Anayejua kushona huweka vidole chini ya kitambaa, sindano imguse ajue imefika. Wifi hakuweka kitu. Fundi aliona. Aliona, akanyamaza.

Wifi akapiga fundo, akakata uzi kwa meno, akasimama kuikabidhi zawadi. Picha ikaja na gauni. Gauni likapanda mpaka juu ya goti, naye akabaki ameinama vile vile, zawadi mkononi, paja nje. Mgeni akatazama dari.

"Wifi," akamnong'oneza fundi, "njoo unitoe."

Fundi akaja na mkasi. Uzi ulikuwa mmoja, kuukata ni kufumba na kufumbua. Akauruka. Akakata gauni, taratibu, duara safi kabisa, mpaka picha ikatoka na kipande chake mgongoni.

"Haya," akamwambia, "sasa na wewe umeshiriki."

Akapita katikati yao na picha yake, akatoka nje kwenye jua kali, akaiinua. Buluu ya mama ikawaka. Akaigeuza, akakitazama kile kipande cha hariri ya wifi, akakisugua kwa kidole gumba.

Nailoni.