Mpaka Fundi Aseme Washa

…na tochi je, kwa nini tochi apewe mkewe na si yeye, kwani mikono iliyopanga majalada ya masjala miaka thelathini na minne bila kupoteza hata jalada moja ingeshindwa kushika tochi, lakini fundi alisema, "Mzee, wewe kaa kwenye usukani, nikisema washa, washa," na mkewe akaidaka tochi kama mtu aliyekuwa akiingoja, na sasa huyu hapa, karani mstaafu, ndani ya gari lake mwenyewe dogo, ufunguo mkononi, boneti imeinuliwa mbele yake kama mlango aliofungiwa nje, na katika upenyo ulio chini ya boneti haoni ila mikono, miwili myeusi kwa grisi na miwili yenye bangili ya fedha, bangili aliyoinunua yeye tarehe 19 Disemba 1981, siku ya Jumamosi, na mikono hiyo minne imekaribiana mno, alternata, kile cha kuchaji betri, si pipa, ni kitu cha kukumbatiwa na viganja viwili, ya nini mikono minne… "Sogeza mwanga, dada, hapo hapo," asema fundi, dada! mtu wa miaka hamsini hivi kumwita dada mwanamke wa sitini na sita, na mumewe akamwita mzee, mpita njia si angedhani pale pana binti aliyemwitia babaye fundi… "Nati hii kaidi kama wewe ulivyo kwa chai," fundi aendelea, na mkewe acheka, kicheko kile cha kutoka tumboni ambacho nyumbani hakijasikika tangu arusi ya mpwa wake, tarehe 8 Julai 2017, na huyu fundi amejuaje habari za chai, amejuaje kwamba mlango wa kushoto haufungi mpaka uuinue kidogo, kwa maana alipofika asubuhi aliuinua bila kuambiwa, akafunua kiti cha nyuma akatoa jeki na spana kama anayetoa vitu kabatini kwake… jana, tarehe 29, saa nne kasorobo, ile taa nyekundu ya betri ilipowaka, yeye alisema waende gereji kubwa wakaandikishe gari kwa utaratibu, na mkewe akajibu, "Ya nini? Nampigia fundi wangu," wangu, kwa sauti nyepesi kama anayesema kitambaa changu, tangu lini mwanamke ambaye hajui mkanda wa alternata upo kulia au kushoto akawa na fundi wake, na gari hili lina mwenye kulitunza, lina daftari, oili tarehe kadhaa, plagi tarehe kadhaa, na kila tarehe mosi, saa mbili kamili asubuhi, alternata hupimwa kama alivyofundishwa na dereva wa ofisi mwaka 1979, washa injini, ng'oa waya wa hasi kwenye betri, injini ikiendelea kunguruma basi alternata nzima, rudisha waya, andika: Imepimwa, salama, na saini chini yake… ndiyo hiyo iliyokufa, imelazwa juu ya gunia kwenye kiti cha pembeni yake, nzito, inanuka waya ulioungua, maskini, ameigeuza ili aone beringi na nini anakiona, rangi ya njano, mwandiko wa brashi nyembamba, 4/2, na mwaka ni wa jana, na fundi huyu kila kifaa anachokifunga hukipaka tarehe, amemwona sasa hivi akiipaka hii mpya… nne Februari! katika daftari tarehe mosi Februari ipo, salama, na tarehe nne hakuna kitu, ila katika kichwa cha karani ipo, ilikuwa siku mkewe alipochukua gari kwenda kumtazama dada yake mgonjwa, akarudi saa kumi na moja jioni na doa jeusi kwenye mkono wa gauni, "Bawaba ya mlango wa dada," alisema, bawaba! na yeye akamwamini, akamletea sabuni, kumbe kutwa nzima alikuwa ameinama na mwanamume juu ya injini hii hii, akicheka hivi hivi, lo, wembe wa kumnyolea mtu ulikuwa ukinolewa sebuleni kwake mwenyewe… na dirisha hili, ambalo limekwama wazi kiasi cha kidole, laleta sauti, wameishusha, wanadhani kioo kimefungwa.

"Dada, mwambie bwana. Hii ya tatu sasa."

"Simwambii."

"Ataiua na hii. Waya ukitoka injini ikiwaka, umeme unaruka, unaunguza kila kitu mle ndani. Magari ya zamani yalivumilia, haya hayavumilii."

"Si umeshaniambia, fundi."

"Basi?"

"Basi nini? Tarehe mosi anaamka kabla yangu. Anapiga pasi shati mwenyewe. Mwezi mzima hakuna mahali anapongojwa ila hapa kwenye boneti. Nimnyang'anye na hapa?"

"Haya, mimi sina neno. Nitabadilisha mpaka nizeeke."

"Badilisha. Na mkanda ukaze vizuri."

…ya tatu, yeye, kwa mkono wake, kwa saini yake, tatu, na dada mtu ambaye aliugua mara mbili na kupona mara mbili kabla ya magharibi, masikini shemeji, mwenye afya ya punda, na uso wa karani unawaka kama ile taa nyekundu, ashuke, aseme amesikia, aseme dereva wa ofisi ndiye aliyempotosha… lakini akishuka atakuwa ameivunja kazi ya mwanamke ya miaka mingapi, minne, mitano, kazi isiyo na jalada, na bado wivu umemkaba, maneno yale, kwamba hakuna mahali anapongojwa, amepewa mwanamume mwenye grisi viganjani, mumewe hakuwahi kupewa hata nusu yake, na kesho ni tarehe mosi, ataamka, atapiga pasi, atafungua boneti, atauweka mkono juu ya waya na hatauvuta, atahesabu dakika zile zile, kisha ataingia ndani aseme salama, na hilo atalijua yeye peke yake, fundi hatakuwamo… bangili imesimama ghafla katika upenyo, tochi imetulia.

"Baba? Umesikia?"

Naye, ambaye mtoto wa jirani alipompigia kelele mwezi uliopita akidhani hasikii alimwambia, "Masikio yangu si ya babu yako," akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu, mama. Masikio yamezeeka haya."

"Nimesema bado kidogo!"

"Haya. Nangoja."