Kipyegon na Nyumba Isiyotakiwa Kupumua

Hapo Silibwet kila mtu alijua Kipyegon ana spika mbili kubwa kama makabati, na kila mtu alijua pia kwamba hakuna aliyewahi kuzisikia zikipiga wimbo hadi mwisho. Wengine walicheka na kwenda zao. Nelvine, mkewe, ndiye aliyelala na kuamka na hiyo aibu.

Akitaka kusikiliza muziki, kwanza bwana ananawa mikono hadi viwiko, utafikiri anaenda kupasua mgonjwa. Halafu anazima friji, eti inanguruma. Maziwa yakitaka yaharibike. Anawasha amplifaya na kuiacha ipate moto muda wa chai kuchemka mara mbili. Nyaya zote amezilaza juu ya magunzi ya mahindi zisiguse simiti, kwa sababu simiti, anasema, inakunywa sauti. Santuri anaipangusa kwa brashi ya poda ya binti yake Chela. Ndipo anaketi kwenye kile kiti chake, miguu ya kiti imezungushiwa chaki sakafuni kisisogee hata kidogo, anafumba macho. Dakika tatu hazijaisha, amesimama kubadilisha santuri.

"Mama Chela, umesikia ile kengele nyuma ya gita?"

"Nimesikia ng'ombe, Baba Chela. Hajakamuliwa."

Na Nelvine alikuwa mtu wa watu. Alizaliwa kwenye nyumba za laini za wafanyakazi wa shamba la chai, ambako mlango ulifungwa tu mvua ikipiga kwa upande. Sasa aliishi kwenye sebule iliyobandikwa trei za mayai ukuta mzima, na juu ya trei, mablanketi. Ukiongea humo, sauti inakufia mdomoni.

Akina mama wa kanisa walikuwa na kikundi cha kutembeleana, kila mwezi nyumba moja. Kwa Nelvine kulikuwa kumerukwa mara mbili, kwa sababu zake mwenyewe: mara homa, mara mgeni kutoka Fort Ternan ambaye hakuna aliyemwona. Jumapili moja Phelis, kiongozi wao, akamshika mkono nje ya kanisa.

"Nelvine, Jumamosi ni kwako. Ukituruka tena, jina lako natoa. Hiki ni kikundi cha kutembeleana, si cha kutembelea wengine tu."

Elmina, mama wa Kisii anayeuza ndizi sokoni, hakuweza kunyamaza. "Ama tuingie wawili wawili kama safina? Nasikia huko ukikohoa unapewa kadi nyekundu."

Walicheka. Nelvine naye akacheka, lakini chozi lilikuwa karibu.

"Waje wanne tu," Kipyegon alisema jioni hiyo alipoambiwa. "Na wasivae sweta. Mtu mmoja na sweta anameza sauti kama godoro."

"Julai hii, na hii baridi?"

"Julai hii hii."

Jumamosi asubuhi, Kipyegon alipopeleka maziwa, Nelvine alipanda juu ya stuli. Akang'oa trei ya kwanza. Akaendelea na ya pili. Mpaka saa nne ukuta ulikuwa uchi, una madoa ya gundi tu, mablanketi yameanikwa kwenye ua, na spika zimevishwa vitambaa alivyoshona mwenyewe. Kile kiti alikiburuta mpaka mlangoni.

Walikuja kumi na mmoja. Na sweta zao.

Chai ilikuwa inazunguka Kipyegon aliporudi. Hakusalimu mtu. Alitazama ukuta kama mtu aliyeibiwa ng'ombe, kisha akaenda kona ya kwanza, akapiga kofi moja, paa! Akatega sikio. Kona ya pili, paa! Alikuwa anapima sauti imeharibika kiasi gani.

Wamama wakatazamana. Phelis, kwa miaka thelathini ya kanisa, alijua maana moja tu ya mwanamume kusimama mbele ya watu na kupiga makofi. Akaweka kikombe chini, akaanzisha wimbo. Elmina akadaka, na wengine wote nyuma yake.

"Nyamazeni! Napima!" Kipyegon alipiga kelele, mikono juu.

"Haleluya!" wakajibu, mikono juu.

"Mama Chela! Waambie!"

Sasa wote walimgeukia Nelvine. Wimbo ukalegea. Neno moja lake, na wangetoka polepole, kwa adabu, wasirudi tena. Alimtazama mumewe, mtu mzima anayetetemeka kwa sababu ya sweta kumi na moja. Akapiga kofi na kuingia kwenye kiitikio kwa sauti ile ya nyumba za laini, ya kuita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Kipyegon akatoka nje.

Waliimba mpaka chupa tatu za chai zikaisha. Phelis aliondoka wa mwisho, akagusa ukuta. "Nyumba yako inaitikia vizuri. Mwezi ujao tunarudi hapa."

Kipyegon aliingia akiwa na gundi mkononi. "Itachukua wiki mbili sauti itulie."

"Weka hiyo chini," Nelvine alisema, akikusanya vikombe. "Wanarudi mwezi ujao. Na wewe ukikaa, kaa karibu na Phelis. Wanakosa mtu wa sauti nzito."