Kuona kwa Ulimi

Mtaani walimwita Redio, na wala hakuwahi kutengeneza redio hata moja maishani. Alikuwa dereva wa lori mpaka presha ya macho ilipomzimia taa zote mbili, na tangu hapo alichobaki nacho ni mdomo. Akinyoa ndevu anaongea, akifunga viatu anaongea, akila anaongea tonge likiwa bado shavuni. Mkewe alisema hana haja ya kumtafuta mumewe ndani ya nyumba, anafuata kelele tu.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mashine ambayo sharti lake la kwanza ni kufunga mdomo.

Ilitoka kituo cha macho, kwa kuazimwa. Ilikuwa miwani yenye kamera katikati, na kwenye miwani umening'inia waya, na mwisho wa waya kuna kibao kidogo cha kulaza juu ya ulimi. Kamera ikiona kitu, kibao kinakichora pale ulimini kwa vichomo vidogo vya umeme, vinachonyota kama soda. Mlango ni mistari miwili iliyosimama. Meza ni mstari uliolala. Mtu ni kitu kinachosogea. Mtaalamu, mama mmoja mpole, alimweleza waziwazi kwamba hayo si macho, ni makadirio, na kuyazoea kunataka muda. Redio alitaka kuuliza swali, lakini kibao kilikuwa mdomoni. Likatoka "mmm", na mate yakamtiririka kidevuni. Binti yake alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kuanzia siku ile hakushikika. Akitoka sebuleni yuko jikoni, akitoka jikoni yuko uani, anageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alijaribu kumimina chai, chai ikajaa mezani, kikombe kikabaki kikavu. Alipoulizwa akasema kikombe kina tundu. Mkewe, ambaye kazi yake ni kufua mashuka hospitalini kuanzia asubuhi mpaka jioni, alirudi siku moja akakuta nyumba imenyamaza, akapiga yowe akijua mume amemfia. Kumbe mume yuko nyuma ya pazia, anasoma dirisha kwa ulimi.

Aliyeshinda naye mchana ni binti. Alikuwa amemaliza masomo ya upimaji ardhi, na kila Redio alipomuuliza habari za kazi, alijibu kwamba bado anasubiri. Redio aliamini. Kwa nini asiamini?

Ikaja jioni moja wakiwa mezani. Redio alikuwa amemaliza kula mapema makusudi, ili arudishe kibao mdomoni. Mbele yake mke na binti walikuwa wakiongea habari za mvua, kwamba imechelewa, kwamba nguo hazikauki ikija. Lakini ulimini mwake kitu kilipanda upande wa kulia, kikashuka. Kikapanda upande wa kushoto. Ilikuwa mikono, na mikono ile haikuwa inazungumzia mvua.

Jambo hili linataka kuelezwa. Katika nyumba ile mikono ilikuwa na mazungumzo yake ya zamani. Redio akirefusha hadithi ya lori, mama na mwana walicheka kwa mikono. Kukiwa na neno asilotakiwa kulisikia, mikono ililibeba. Wala haukuwa ubaya, ni mazoea tu, na walikuwa wamezoea kiasi kwamba hakuna kati yao aliyekumbuka kuwa sasa baba ana kamera usoni. Mkono wa mama ulionyesha mbali, nje huko. Mkono wa binti ukamwelekea yeye Redio, ukabaki hapohapo, na juu yake kitu cha duara kikatikisika kushoto na kulia. Mama akaonyesha mbali tena, kwa hasira. Binti akatikisa kichwa tena.

Redio akatoa kibao mdomoni.

"Kazi ni ya wapi?"

Mvua ikaisha mezani. Ilibidi binti aseme. Kuna kampuni inapima barabara, mbali, safari ya siku mbili, na wamemwita. Wanataka jibu wiki ijayo, na jibu lake ni hapana. Baba akauliza kwa nini. Binti hakupindisha maneno: juzi baba ameweka kiganja kwenye sufuria ya moto, na mama anatoka asubuhi na kurudi jioni, sasa mchana atakuwa na nani?

"Na mashine," akasema Redio.

Binti akasema sawa, kama baba ataweza kutembea na mashine yake wiki nzima kutoka jikoni hadi getini na kurudi, bila kushikwa mkono na bila kujigonga, yeye ataenda. Vinginevyo hatoki, na wasije wakamfanya mjinga.

Wiki ile Redio hakujua kukaa. Alilala na miwani karibu ya mto, akiamka anaivaa kabla ya viatu. Ukweli ni kwamba mashine ilimshinda. Jua likiingia dirishani, ulimi wote ulichemka, asijue mlango uko wapi na ukuta uko wapi. Alitembea kwa kukumbuka nyumba yake mwenyewe, miwani ilikuwa ya kuonyesha watu. Na bado aliogopa. Hakuogopa kujigonga. Aliogopa ule mchana mrefu, nyumba tupu, yeye anaongea na hakuna wa kumwambia hebu nyamaza. Lakini aliogopa pia binti yake azeeke ameshika mkono wa shati lake, na hofu hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikimwinua kitini kila akikaa.

Ajabu, hakugonga kitu. Siku ya kwanza akasema bahati. Siku zilizofuata akaanza kujisifu moyoni kwamba ameiva. Na kibao kilikuwa na faida yake: binti akimuuliza, "Baba, kweli unaona?" anaitikia kwa kichwa tu, na mwenye mdomo uliojaa haulizwi zaidi. Binti akafunga begi.

Asubuhi ya safari gari la kukodi lilisimama nje ya geti, na mkewe angepanda hilohilo ashushwe kazini. Redio alikuwa anazunguka na mashine tangu kabla ya mapambazuko, hakukumbuka hata kuichaji. Alipoinua begi la binti yake sebuleni, ulimi ukanyamaza. Alidhani umekufa ganzi. Kisha akaelewa kwamba betri imeisha.

Angeweza kusema. Hakusema. Aliushika mpini wa begi, akatoka uani akigeuza kichwa kushoto na kulia kama mtu anayetazama njia, akafika getini salama, akaliweka begi kando ya gari. Mkewe akaingia ndani ya gari. Binti akamsogelea karibu sana.

"Baba," akasema polepole, "taa ya mashine imezima tangu tukiwa sebuleni."

Redio alisimama na kile kibao mdomoni.

"Na mama alikuwa mbele yako akisogeza viti. Wiki nzima anasogeza, asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi. Mlidhani sioni?"

Hilo la viti Redio mwenyewe hakulijua. Alitoa kibao, akafuta mate kwa mkono wa shati. Mtu aliyeweza kuhutubia nguzo ya umeme alitafuta neno akalikosa. Alipolipata lilikuwa dogo.

"Naogopa," akasema. "Sikutaka ujue."

"Basi siendi."

"Utaenda. Mimi nitaogopa, nitazoea. Lakini nikikuzuia hapa, hilo sitalizoea mpaka nakufa."

Ndani ya gari mkewe alikohoa bila kikohozi. Kisha Redio akahisi paji la uso la mwanawe likimwegemea begani, likakaa hapo, likaondoka. Binti akasema atapiga simu kila mchana na baba aongee mpaka yeye achoke. Redio akamwambia atachoka mapema. Mlango wa gari ukafungwa.

Alipunga mkono kuelekea mlio wa gari, mpaka mlio ukakata kona.

Kutoka getini hadi mlangoni alipajua kama kiganja chake. Hakutanguliza mkono, akatembea kwa mwendo wa mwenye nyumba. Lakini viti alivyovisogeza mkewe asubuhi ile havikuwa mahali pake tena, na mama wa watu hakupata muda wa kuvirudisha. Akakwepa pale kigoda kinapokaa siku zote, na kigoda kikampata kwenye muundi. Redio akaanguka na mikono yote miwili, miwani ikaruka huko.

Alikaa chini kwenye mchanga, muundi unawaka, akakitukana kile kigoda kwa kirefu. Hakuna aliyecheka. Akatega sikio upande wa barabara, hakusikia gari. Akashukuru kwamba lilikuwa limeshakata kona.

Kisha akaanza kupapasa chini kutafuta miwani, huku akiongea.