Karanga za Veridiana

Koti lilimbana Mzee Gaudiosi mabegani hata mikono ikakataa kuinuka. Veridiana, binti yake wa pekee, alilinunua mtandaoni akiwa Buffalo, kaskazini mwa Marekani. Lilishonwa China, likapanda ndege, likafika mpaka mlangoni kwa mzee huko Okolona, kusini mwa Louisville. Binti mwenyewe hakuwa amefika tangu walipomzika mama yake.

"Lirudishe tu, Baba," alisema kwenye simu. "Karatasi ya kubandika kwenye boksi imo ndani. Kurudisha ni bure."

Mzee akalikunja vizuri. Lakini kwao, tangu Burundi hadi kambi ya wakimbizi Tanzania, mtu akikuletea kitu, chombo chake hukirudishi kitupu. Akakaanga karanga za chumvi, zile alizokuwa akimtilia Veridiana mfukoni akienda shule, akazifunga kwenye kitambaa na kuziingiza ndani ya mkono wa koti. Akalitia koti kwenye boksi lake, akalipeleka posta.

Kisha akaanza kusubiri simu. Akipika, aliiweka kando ya jiko. Kanisani aliishika mkononi mpaka akakaripiwa. Simu haikulia. Jumapili jioni uvumilivu ukamwishia, akapiga mwenyewe.

"Karanga umezipata?"

"Karanga gani?"

Alipomweleza, Veridiana alicheka mpaka akakohoa. "Jamani, Baba! Boksi haliji kwangu! Linakwenda kwenye ghala la duka, mjini Columbus. Rafiki yangu Uwera anafanya kazi huko. Labda amezila yeye!"

"Na koti?"

"Nguo nyingi zinazorudi hata hawazifungui. Kuzikagua ni ghali kuliko kuzitupa."

"Koti jipya wanalitupa?"

"Au wanalichoma. Usijali, nimeshaagiza kubwa zaidi. Linafika kesho."

Mzee akakumbuka somo moja. Katika darasa la jioni la watu wazima, mwalimu aliwaeleza jinsi moshi wa ndege na viwanda unavyobaki angani ukiipasha dunia joto. Siku ile mzee alijiona hana hatia, kwa kuwa hana gari. Kumbe koti lake moja limezunguka nusu ya dunia ili likachomwe, pamoja na karanga.

"Lizuie," alisema. "Langu la zamani linanitosha, nitalitia kiraka. Wewe utafika lini?"

"Baba, si unajua kazi za huku..."

"Basi nakuja mimi. Napanda basi, napita hapo Columbus, nafika."

Kwa mbali alisikia televisheni ya huko Buffalo.

"Wiki hii nimepangiwa zamu mbili mbili, Baba. Ngoja nitakwambia."

"Haya, mwanangu."

Kesho yake boksi likafika hata hivyo. Mzee alilitazama pale kizingitini kwa muda kabla ya kuliinua. Alipolijaribu, koti lilimkaa sawasawa, halikumbana popote. Hapakuwa na sababu ya kulirudisha. Akakaanga karanga nyingine, akazifunga kitambaani, akazitia mfukoni mwa koti. Kisha akaketi nalo mwilini, simu gotini, akisubiri kuambiwa.