Lango la Sukari

Maabara nzima walimwita Mama Barafu, kwa sababu ufunguo wa friza kubwa ulikaa shingoni mwake kama kidani, na hakuna kichupa kilichoingia wala kutoka bila yeye kujua. Miaka mitatu alihangaika na protini moja tu: lango la sukari, lile linalokaa kwenye utando wa seli ya mtu na kupitisha sukari ndani. Alichukua jeni ya binadamu, akaipandikiza kwenye seli za mdudu ili zimtengenezee. Zikatengeneza, ndiyo, lakini kiduchu, kisichotosha hata jaribio moja.

Sasa ona mambo. Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale, hakuwa amemaliza hata mwaka. Akajaza fomu mbili, akaagiza lango lilelile likiwa limeshatengenezwa. Likaja kwenye boksi la barafu kavu, linafuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Hiki ndicho kichupa chenyewe?" Mama Barafu akakiinua kwenye mwanga. "Mbona kama machozi ya mende?"

"Machozi hayohayo, wifi, ndiyo yatakayotupa makala."

Profesa akatoa neno kwenye chai ya saa nne: atakayelifanya lango lile lipitishe sukari, jina lake litatangulia kwenye makala. Watu wakamgeukia nani? Si Mama Barafu.

Jumapili wakakutana kwa mama mkwe, nyumba imefurika mpaka watoto wanakalia ngazi.

"Mwanangu ana miezi kumi tu pale," mama mkwe akatangaza, "na kazi ya miaka mitatu kaimaliza kwa wiki!"

Hakutaja miaka mitatu ya nani. Hakuwa na haja. Mama Barafu akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe.

Jumatatu wifi mtu akayeyusha kichupa, akakigawa kwenye vichupa vitano vidogo, vinne akavirudisha friza upesi, yote kama daftari la Mama Barafu linavyoelekeza. Akanyanyua chupa ya bufa, maji ya chumvi ya kuchanganyia protini.

"Wifi, niangalizie. Nichanganyie na hii?"

Mama Barafu akaangalia. Bufa tupu. Lango lile limezoea kukaa kwenye mafuta ya utando. Ukilitia kwenye majimaji matupu bila tone la sabuni yake maalumu, linajikunja, linagandamana, kwisha habari. Alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwake, na mwaka mzima ulimwishia kulijua. Ulimi ukafika kwenye meno. Ndipo akaisikia tena sauti ya mama mkwe.

"Iko sawa," akasema.

Hazikupita dakika tano. Kimiminika kikachafuka, kikawa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Wifi mtu hakupiga kelele. Akavua glavu, akalivuta daftari, akalifungua mahali alipochomeka karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa wino mwekundu: USISAHAU SABUNI. Mwandiko wa Mama Barafu mwenyewe.

"Niliusoma jana," akasema taratibu. "Nikajiambia, labda hii iliyotoka tayari haihitaji. Ndiyo maana nikakuuliza. Nikauamini mdomo wako kuliko mkono wako."

Mama Barafu akatafuta pa kuyaweka macho, asipapate. "Wifi..."

"Usiniambie umepitiwa."

"Sikupitiwa."

Wifi mtu akalifunga daftari.

"Haya. Bado viko vinne," akasema. "Lete kimoja na sabuni yako, tufanye wote. Jina la kwanza langu, la pili lako. Nyumbani niachie mimi, najua la kusema."

Alhamisi mchana, lango likiwa limepachikwa kwenye vipovu vya mafuta, wakatia sukari. Mstari kwenye skrini ukaanza kupanda. Inapita! Mama Barafu akawa wa kwanza kupiga makofi, kisha akakumbuka wanampigia nani, mikono ikalegea.

Jumapili iliyofuata alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kuchomoka atakapotajwa. Wifi mtu akasimama katikati ya sebule, anasimulia na kuigiza.

"Nikakosea mimi hapa, jamani, maji meupe pee! Nikataka kulia. Wifi huyu mnayemwona akaja na sabuni yake, akanitoa aibu!"

"Si nilisema!" mama mkwe akadakia, naye hakuwahi kusema. "Mkwe wangu ana mkono!"

Nyumba nzima ikashangilia. Wifi mtu akamkonyeza. Mama Barafu akatabasamu huku moyo ukimuungua kuliko Jumapili ile nyingine: msichana huyu kamshinda kazini, na sasa kamshinda hata kwa roho nzuri, tena mbele za watu, na hakuna hata mmoja humu wa kumlalamikia. Akainuka akaoshe vyombo.

"Kaa, mama, kaa!" mama mkwe akamrudisha kitini kwa mikono miwili. "Leo vyombo vyako vitaoshwa na wengine."

Ikabidi akae, asifiwe.