Nduma za Bwawani

Nelius aliamka na furaha iliyomfanya aunguze chapati mbili na asijali. Leo Kirimi, bwana samaki wa serikali, alikuwa anakuja kukagua bwawa lake pale Kanyakine. Likipita, angeandikiwa vifaranga mia tatu vya perege, na orodha ya mwaka ilikuwa inafungwa leo. Lingepita tu. Kamba wekundu waliommalizia samaki wa kwanza walikuwa wamekufa njaa. Habari hiyo alishaitangaza kanisani, kwenye chama cha akina mama, na kwa watu ambao hata hawakumuuliza.

Kamba hao waliletwa na shemeji yake, Riungu, watatu tu ndani ya ndoo, kutoka Naivasha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Riungu. Mwenyeji hakupona. Baada ya miaka miwili bwawa lote lilikuwa lao.

"Toa maji, mama Kanana," Kirimi alikuwa amemshauri Nelius. "Wacha pakauke mpaka mvua ya Oktoba. Usiweke kitu, wasipate cha kula."

Maji alitoa. Lakini ni mwanamke gani wa Imenti angeacha tope jeusi likae bure kiangazi kizima? Nelius alipanda nduma, yale magimbi ya topeni, bwawa zima, akazimwagilia maji ya vyombo kila jioni. Kwake huko hakukuwa kuweka kitu, kulikuwa kutumia akili.

Kirimi alifika, akasimama ukingoni na kalamu yake. Nelius akashuka mbio amng'olee nduma moja ya kupeleka nyumbani. Alivuta shina, likatoka na bonge la tope, na chini yake palikuwa na shimo. Ndani ya shimo koleo mbili nyekundu zilinyanyuka.

Kirimi alikuwa anaandika, hajaona. Ingetosha kurudisha udongo kwa mguu. Lakini mshangao ulimshinda. Alimshika kamba mgongoni, akamgeuza: chini ya mkia watoto walikuwa wamejaa tele.

"Bwana samaki, njoo uone maajabu."

Kirimi alishuka na viatu vyake vizuri. "Hawa hawafi njaa haraka," alisema, macho yakimng'aa. "Wanachimba, wanatulia, wanakula kidogo kidogo, hata wenzao. Kuna kaa wa baharini anayevamia pwani za nchi nyingine, naye anakaa miezi bila chakula. Lakini huyu amenona. Amekuwa akikula nini?"

Nelius alitazama mizizi iliyotafunwa, akacheka mpaka akakaa topeni. "Nimewashindisha njaa huku nikiwapikia."

Kirimi alikata jina la Nelius kwenye orodha, akaandika la jirani, Makandi. Nelius aliifuata kalamu kwa macho, na ilimuuma.

"Na mwaka ujao nipande nini?"

"Hakuna, mama Kanana."

Nelius alichukua jembe. Kufikia saa nane alikuwa ameng'oa nduma zote, hata zile changa za ukubwa wa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu maji yatoke kamba walianza kuona njaa.