Herufi Tatu Zilizobaki Garissa

Nikisema kwamba mwaka wa tisini na saba mimi ndiye niliyekuwa mtunzi bora wa programu za kompyuta mjini Garissa, sijisifu. Tulikuwa wawili tu, na huyo mwingine nilimfundisha mimi.

Nilikuwa na darasa dogo pale mtaa wa Galbet, lenye mashine kuukuu na jenereta yenye kiburi kuliko mimi. Kazi niliyoionea fahari zaidi ilikuwa programu niliyomtungia dada yangu mkubwa, Sadiyo, aliyekuwa mgawaji wa chakula cha msaada kule Ijara. Unaiambia kilo za unga zilizopo na watu wa kila kambi, nayo inakuonyesha fungu la kila kambi. Nikaipamba kama bibi harusi. Iliwasalimu watu, ikachora fremu ya nyota, ikauliza ukoo wa kila kambi ili iuandike juu kwa herufi kubwa, kisha ikatangaza: Imetungwa na Ikran Salat, Garissa. Ilizidi ukurasa mzima, na kila mstari niliupenda.

Mara zikaja zile mvua zilizokata barabara zote. Ijara ikawa kisiwa. Unga uliletwa kwa helikopta, na familia kutoka Sangailu na kwingineko ziliingia kila siku zimelowa chepechepe, mifugo yao imekufa. Kisha maji yakaingia ofisini kwa Sadiyo. Kompyuta ilipona kwa kuwa ilikuwa juu ya kabati, lakini disketi yenye programu yangu iliharibika.

Haya niliyasikia kwenye redio ya mawasiliano ya shirika lake. Aliyeiendesha hapa Garissa ni Jelle, mwanamume aliyezilinda dakika zake kama ngamia wa maziwa. Sauti ya Sadiyo ilikuja ikikwaruza.

"Abaayo, mdogo wangu, nataka ile programu. Leo."

"Piga kwa kalkuleta, walaal, dada yangu. Ni kugawanya tu."

"Nimepiga. Wanasema kidole changu kina ukoo. Jana fimbo ziliinuliwa, mtu akanikaba shingo. Mashine ikigawa wananyamaza. Wanasema hiyo haina mjomba."

Sadiyo si mtu wa kulalamika. Akikwambia ameshikwa shingo, ujue kuna makubwa ambayo hajakwambia. Nikasema nitamsomea programu nzima redioni, herufi kwa herufi.

"Nzima?" Jelle aliruka. "Hapana, wallahi! Redio ya Ijara imeingia maji. Ikiongea kidogo inashika moto. Hiyo brogramu yako ni refu kama safari ya Mandera. Fubisha, ama wacha."

"Nipe mpaka baada ya adhuhuri."

Nikaketi kwenye benchi nje ya chumba cha redio, kalamu mkononi. Salamu nikazikata kwanza; mwenye njaa hashibi kwa neno karibu. Nyota zikafuata. Swali la ukoo nalo likaenda, kwa sababu tu lilikuwa refu. Jumla ya watu ikawa T, kilo zikawa K. Lile neno la kuiamuru mashine ionyeshe jibu nikalitupa, nikaweka alama ya kuuliza, maana BASIC, lugha niliyoitungia programu ile, huielewa vilevile. Hata nukuu nilizifungua bila kuzifunga, kwa kuwa mstari ukiisha mashine hujifungia yenyewe. Tulipokuwa duksi, chuo cha Kurani, Sadiyo hakukosa herufi hata moja ya maalim, na mimi nilichapwa kwa kurukaruka herufi. Sasa kuruka ndiyo kazi, na nilifurahi mno.

Ikabaki mistari mitano. Wa nne ulikuwa jina langu.

Jelle akachungulia. "Na hiyo nayo?"

"Hilo ni jina langu."

"Inagawa unga?"

"Haligawi."

"Basi kata."

Sikulikata. Lakini mimi si mpumbavu. Mashine ile hupanga mistari kwa namba zake, haijali upi ulioandikwa kwanza. Nikaamua jina langu nilisome mwisho kabisa. Redio ikifa, ife na mimi, unga ubaki.

Baada ya adhuhuri tukaanza. Nilisoma, Sadiyo akarudia kila herufi kwa sauti ileile ya duksi, bila kuuliza maana yake. Wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, wa tano.

"Hapo inafanya kazi," nikamwambia. "Sasa wa nne. Alama ya kuuliza. Fungua nukuu. I."

"I."

"K."

"K."

"R."

R yangu haikurudi. Jelle alizungusha kitufe huku na huku, kisha akavua vile visikilizio vya masikioni. "Imekufa," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole.

Majuma yakapita bila neno. Programu niliiamini kama ninavyoamini mkono wangu. Nilichoogopa ni zile fimbo, na niliogopa kweli. Barabara ilipofunguka nilipanda lori la kwanza.

Nilimkuta Sadiyo ghalani, amekonda, kompyuta iko juu ya gunia na watu wameizunguka. Aliandika namba. Fungu likatokea, na chini yake herufi mbili: IK. Mwenye kambi akabeba unga wake akaenda. Hakuna aliyenung'unika.

"Zamani hii mashine ilikuwa nauliza ukoo," mzee mmoja wa Sangailu aliniambia. "Sasa haiulizi. Tutagombana na nani? Lakini huyu IK ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, kifua mbele. Kisha nikamgeukia dada yangu. "Na wewe! Jina langu hulijui? Umeshindwa kumalizia herufi tatu?"

Sadiyo akanishika mkono, akaniweka mbele ya mashine.

"Ningeziandika siku ileile," alisema. "Niliziacha ili uzilete mwenyewe."

Nikalia pale mbele ya watu wote, mimi mtunzi bora wa programu wa Garissa, na nikachelewa kuiona R ilipo kwenye kibodi.